Maganda ya Risasi ya Nehemia

Pale Ujiji, mitaa ya nyuma ya soko, mchana watu wakishakula na kujinyoosha, ulikuwa unasikia mlio kama mvua ya mawe inanyesha ndani ya debe. Mgeni angetoka nje kutazama mbingu. Wenyeji hawakuhangaika, walijua ni pipa la Mzee Hamdani.

Ni pipa dogo la mbao lenye mikanda ya chuma, limelazwa juu ya fremu ya baiskeli. Hamdani hukaa kwenye tandiko, anakanyaga pedali, na pipa linazunguka. Ndani hutia vitu vya shaba vilivyopata kutu na weusi, pamoja na makaka ya mise, yale magumu yanayobaki mtu akishapasua mbegu ya chikichi na kutoa kiini. Akiyaponda mpaka yawe kama chenga za mahindi, hayana mfano kwa kusugua shaba. Zamani wavuvi walimletea karabai zao. Sasa ziwani wanavulia taa za sola, na karabai zimebaki kulaliwa na kuku.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja, ya Nehemia.

Nehemia ni Muha wa Mwamgongo, alikuwa mlinzi kwenye kambi ya uwindaji huko bonde la Malagarasi. Mwenye kambi alikuwa na kibali cha kujaza risasi upya. Ganda lililokwisha kupigwa halitupwi. Linasafishwa, linatiwa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, linarudi kazini. Basi kila mvua zikiisha Nehemia alikuja Ujiji na mfuko wa turubai umejaa maganda, meusi kama meno ya mvuta kiko. Hamdani aliyachemsha kwenye maji ya ndimu, akayaanika, akayatia kwenye pipa. Siku zote za kazi hiyo Nehemia alilala pale pale, kwenye chumba alimofia mke wa Hamdani. Watoto wa Hamdani wako Dar na Mpanda, hupiga simu sikukuu.

Nilipopita kwake mwaka huu, pipa lilikuwa kimya. Nilimkuta amekaa kwenye tandiko, miguu imening'inia.

"Nehemia hajaja," aliniambia, hata salamu hatujamaliza. "Mvua zimeisha mwaka jana, hakuja. Zimeisha tena mwaka huu, hakuja. Simu haipatikani."

"Labda ana shughuli."

"Shughuli gani ya misimu miwili?" Akanionyesha kiganja. "Kaka yangu, naogopa nimemuua."

Akanieleza. Mara ile ya mwisho mvua zilichelewa kukatika. Makaka yake ya zamani yalikuwa yameisha makali, na mapya hayakuwa yamekauka. Yeye akayachukua hivyo hivyo kwa wakamua mawese, akayaponda, akayatia. Maganda yakatoka yanang'aa kuliko miaka yote. Nehemia akacheka, akasema safari hii nyati watakufa kwa kujitazama. Hamdani akamfungia mfuko, naye akaenda zake. Ni baadaye, Hamdani alipokuwa anamwaga makaka, ndipo alipoona kiganja chake chekundu. Mawese. Ule mng'aro wote ulikuwa mafuta.

"Baruti ikikutana na mafuta haiwaki," alisema. "Mtu anavuta, inalia ta! basi. Na mnyama yuko mbele yake. Bunduki ya pili, ile ya kumkinga mwindaji, kule kambini anashika nani? Nehemia."

Jioni akaja Shadia, jirani anayenunua dagaa mwaloni Katonga na kumletea Hamdani ugali.

"Babu Hamdani, leo utakula au utanirudishia sahani imejaa kama jana? Watu watasema napika vibaya."

"Watasema ukweli," Hamdani akasema, ila hakucheka.

"Haya, basi sikupi habari." Akaweka sahani chini, lakini habari zilikuwa zinamwasha. "Yule rafiki yako wa mfuko, wavuvi wa Mwamgongo wanasema yuko kwao. Kwa binti yake. Mkono umefungwa."

Hamdani alinawa, akamega tonge, akalirudisha kwenye sahani.

Asubuhi tulikwenda Kibirizi, tukapanda boti la kaskazini. Lilijaa magunia ya unga, magodoro na mama mmoja mwenye bata. Watu walipiga soga njia nzima, Hamdani ametazama maji. Tulipopita milima ya Gombe ndipo aliposema, si kwangu hasa: "Mkono wa kulia ndio wa kufyatulia."

Mwamgongo nyumba zimepandiana mlimani, na mchanga wote chini umefunikwa dagaa. Binti yake Nehemia, Wema, alikuwa anageuza dagaa zake.

"Shikamoo baba. Karibuni. Mmemfuata mzee? Yuko juu pale, anagombana na kuku."

"Mkono wake vipi?" Hamdani akauliza, hata marahaba hakuitika.

"Atakwambia mwenyewe. Mimi nikisema ananuna."

Tukapanda. Nehemia alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mkono wa kulia umening'inizwa kwa khanga. Alipotuona alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Wee Mmanyema! Nani kakuruhusu kuvuka maji? Si mnaogopa mamba?"

"Mkono," Hamdani akasema.

"Mkono gani?"

"Nehemia, usinitanie. Risasi haikuwaka?"

Nehemia akamtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Risasi ya wapi? Nimeanguka na pikipiki, juzi tu. Kijana wa bodaboda, kilima cha Mwandiga. Yeye hakuchubuka hata kidole, mimi mzee nikavunjika. Risasi!"

Hamdani akakaa chini, kwenye udongo. Akamweleza yote, makaka mabichi, mawese, kiganja. Alipomaliza, Nehemia aliingia ndani, akatoka na mfuko wa turubai. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, na fundo lilikuwa lile lile la Hamdani, analolifunga mara mbili na kulipitisha chini.

"Fungua mwenyewe," akasema. "Mimi mkono mmoja."

Maganda yale hayakujazwa kamwe. Nehemia alipofika kambini mara ile, alikuta mahema yanakunjwa. Mwenye kambi ameugua, anarudi kwao, bunduki zote amezikabidhi serikalini kama sheria inavyotaka. Maganda matupu akamwambia mlinzi wake, chukua, kawauzie wafua shaba. Nehemia hakuuza. Aliutundika mfuko juu ya kitanda.

Hamdani akaingiza mkono, akatoa ganda moja. Lilikuwa la kijani. Yale mawese yalikuwa yamelala na shaba muda wote huo, na shaba imeota ukoko kama jiwe la kisimani. Akatoa jingine, vile vile. Niliona uso wake unalegea, halafu unakaza tena kwa njia nyingine.

"Kwa hiyo uko mzima," alisema. "Miaka yote hii uko mzima, boti linakwenda kila siku. Kwa nini hukuja?"

Nehemia akakuna shingo. Aliongea kwa sauti ndogo, Wema asisikie kule chini.

"Nije na nini? Kambi imekufa. Mfuko huu ni kazi uliyokwisha kuimaliza. Mtu ataingia nyumba ya watu alale siku zote zile mikono mitupu? Kwetu hatuendi hivyo. Ningesema nimefuata nini?"

"Ungesema umekuja."

"Ndiyo. Lakini nimefuata nini?"

Hamdani hakubishana. Anawajua Waha. Tulikula migebuka kwa Wema, tukalala. Asubuhi, boti lilipokuwa linapakia, Hamdani akauchukua ule mfuko begani.

"Unaupeleka wapi?" Nehemia akauliza.

"Kuusafisha. Kazi hii niliiharibu, nairudia."

"Na nani atajaza? Hakuna bunduki, wee mzee."

"Kujaza halikuwa fungu langu. Langu ni kusafisha." Halafu akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa ganda moja la kijani, akaliweka kwenye mkono wa Nehemia ule mzima, akamfunga vidole. "Hili limebaki. Siwezi kumaliza kazi wakati moja liko nje. Mkono ukipona, lilete."

Nehemia akalitazama. "Moja tu?"

"Moja si kitu? Utakuwa umeshika kitu."

Nilikaa Ujiji kidogo baada ya hapo. Hamdani alichemsha ndimu, akaanika makaka juani mpaka yakalia chini ya kidole, safari hii hakuharakisha. Kazi ile huisha kwa siku chache, lakini yeye alikanyaga pedali kidogo tu kila mchana, kisha anafungua pipa, anatazama, anafunga. Maganda yalikwisha kung'aa tangu zamani. Nilimwambia hivyo.

"Bado," akasema. "Hayajatimia."

Shadia alilalamika kwamba mlio umerudi na watoto wake hawalali mchana, kisha akasema afadhali huo kuliko ule ukimya. Sahani sasa ilirudi tupu.

Nilipoondoka, Nehemia alikuwa hajafika. Kutoka barabara ya Kigoma nilisikia pipa mara ya mwisho, likizunguka polepole, lina nafasi ya ganda moja.