Kifo Kinachoelezeka

Kwa miaka mingi Milcah Awinja alifundisha Kiingereza katika shule ya msingi upande wa Kabras, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kulichukia neno lolote la lugha hiyo, hadi aliposikia moja likisomwa mbele ya jeneza la mumewe.

Waombolezaji walijaa uani hadi ukingoni mwa miwa. Willis, mdogo wa marehemu, alisoma wasifu, na alipofika mwisho akasema kwamba kifo cha kaka yake Osundwa kilikuwa "inexplicable". Akalitafsiri mwenyewe: "Yaani, ndugu zangu, hakielezeki."

Mnong'ono ukapita kwenye viti vya akina mama. "Mtu mzima anaanguka tu hivyo?" shangazi mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika. "Aliyekuwa naye ndani si yuko?"

"Na shamba ni lake sasa," mwingine akadakia.

Macho yote yakamgeukia Milcah. Damu ikamchemka. Kwa desturi, aliyemuuguza marehemu ndiye husimama kueleza jinsi ugonjwa ulivyoanza na ulivyokwisha. Lakini Willis alikuwa ameiondoa zamu hiyo, eti kuokoa muda. Milcah aliwajua wajane ambao waume zao walikufa vifo visivyoelezeka. Walifungashwa virago kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Akainuka, akamnyang'anya Willis kipaza sauti.

"Shemeji, neno hilo nimelifundisha. Hutumika pale watu wamechunguza, wameuliza, na bado wameshindwa kujua. Wewe ulishindwa kujua nini?"

"Mwalimu, hapa si darasani," Willis alisema, akiwatabasamia wageni. Wachache wakacheka.

"Basi nitasema polepole, uelewe. Osundwa alikuwa na presha. Daktari alimpa vidonge, akavimeza vizuri. Ukaja wewe Krismasi ukamwambia vidonge vinamaliza nguvu za mwanamume, ukamletea mizizi kwenye chupa. Nilimsihi, nikalia, akaniambia Willis amesoma. Kisha mshipa ukapasuka kichwani. Hospitalini tuliambiwa hivyo mimi na wewe, tumesimama pamoja! Ni lipi hapo lisiloelezeka?"

Mchungaji akatazama saa yake, akasema muda umekwenda.

"Mwacheni amalize!" Ilikuwa sauti ya mama mzazi wa Osundwa. Akamgeukia mwanawe aliyebaki. "Willis, ulimwambia kaka yako hivyo?"

"Nilimshauri tu, Mama."

"Huyu alikuwa anamwambianga ameze dawa. Nilisikia kwa masikio yangu." Akawatazama akina mama wale mmoja mmoja. "Mke wa mwanangu atakaa hapa. Mwenye neno aniletee mimi."

Milcah aliketi. Hakuona faraja yoyote. Aliona tu kwamba kama mama mkwe angenyamaza, tamko moja la Willis lingetosha kumtoa nyumbani kwake.

Kaburini, Willis alimnyooshea mkono wa rambirambi. Milcah akachota udongo wake, akampita.