Benchi la Nyuma

Nakumbuka siku moja nilisimama kanisani nikasema kweli, mwanangu, na kweli ile imenisumbua kuliko uongo wote niliowahi kusema. Na uongo nimesema, nisikudanganye.

Nimesikia umechaguliwa kuingia katika baraza la kanisa lenu huko Voi. Nimesikia pia kwamba kazi ya kwanza mliyopewa ni kuamua kama kijana mmoja atengwe au asitengwe. Sijui alilofanya, na tafadhali usiniambie. Mimi nitakueleza habari ya benchi la nyuma, kisha wewe na wenzako mtajua la kufanya.

Miaka hiyo ya hamsini kanisa letu lilikuwa huku juu milimani, upande wa Bura. Lilikuwa jengo la mawe na udongo, na paa la bati lililopiga kelele sana wakati wa mvua, hata mchungaji akanyamaza katikati ya mahubiri mpaka mvua iishe. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini. Nilijua kusoma na kuandika, nikafundisha watoto siku za Jumapili, na nilijiona nimesoma kuliko nilivyosoma. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wangu haukuwa na mfupa, wala haukuwa na kazi.

Palikuwa na ndugu wawili. Mkubwa aliitwa Righa, naye alikuwa mzee wa kanisa. Mdogo aliitwa Mwandoe, na hakuwa amebatizwa. Mashamba yao yalipakana na kunyweshwa na mfereji mmoja. Sisi watu wa milimani maji ya mfereji tulikuwa tunayapata kwa zamu, leo siku ya nyumba hii, kesho siku ya nyumba ile. Mtu aliyeyageuza maji siku isiyo yake alikuwa sawa na aliyeingia jikoni kwa jirani akajipakulia.

Basi mwaka mmoja wa kiangazi kikali, Mwandoe alishuka Voi kutafuta kibarua kwenye reli. Righa akaona hayupo, akayageuza maji ya siku ya ndugu yake yaende kwenye kabichi zake. Hakufanya hivyo mara moja tu. Mwandoe aliporudi alikuta mahindi yake yamekauka, na upande wa pili wa mpaka kabichi zimenenepa. Hawakusemezana miaka mitatu.

Usifikiri Righa alikataa kosa. Alikiri, mwanangu. Mchungaji aliwakutanisha nyumbani kwa Mwandoe, Righa akasema mbele yake, "Ndugu yangu, nilikuibia maji. Nisamehe."

Mwandoe akajibu, "Mimi nimesikia. Hasira yangu ndiyo haijasikia."

Mambo yakabaki hapo. Kila Jumapili tuliwaombea wapatane, na Mwandoe aje kanisani, mpaka sala ile tukaizoea, tukawa tunaisema huku tukiwaza chakula cha mchana.

Sasa wazee wetu walikuwa na desturi moja, waliiita kutasa. Mwenye kinyongo huchukua kinywaji akakijaza kinywani, kisha hukipuliza chini kama manyunyu, na hapo hutamka maneno ya kuiachilia hasira na kuombea heri. Walisema kinyongo kisipotolewa hivyo hukaa kifuani, na watoto ndio huugua. Kanisa letu la wakati ule halikutaka hata kusikia neno lenyewe. Mkristo aliyetasa alitengwa.

Asubuhi moja nilikuwa nakata majani ya ng'ombe karibu na mfereji, pale maji yanapogawanyika. Nikasikia sauti, nikachungulia. Nikamwona Mwandoe ameshika kibuyu. Akanywa, akapuliza, akasema, "Hasira ya maji, nenda na maji. Watoto wake na wangu wale pamoja." Akampa kaka yake kibuyu. Righa akakipokea kwa mikono miwili. Kisha naye akanywa, akapuliza, akasema, "Mungu wangu, niliiba, na huyu amenirudishia undugu. Tupe amani." Halafu wakaketi ukingoni wakacheka jambo la utotoni ambalo sikulielewa.

Kuna msemo, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Mimi siku waliyopatana nilikwenda kuchukua shoka.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nilieleza nilichokiona, kibuyu na manyunyu. Sikueleza nilichokisikia. Kila neno nililolisema lilikuwa kweli, na nilikaa chini nikijisikia safi kabisa.

"Mzee Righa," mchungaji akasema, "ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ilikuwa pombe?"

"Maji ya miwa tu, mchungaji. Hata hayakuwa yamechacha."

Watu wakacheka kidogo. Mchungaji hakuwa mtu mbaya, alitaka jambo liishe. Akasema, "Basi tubu mbele yetu, tuendelee."

Righa akageuka kutazama nyuma. Mwandoe alikuwa ameketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kanisani, na alikuja kwa sababu kaka yake alimwalika. Nikaona Righa anamtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nikitubu kwa hili, mchungaji, nitakuwa nimeyarudisha maneno yangu. Ndugu yangu nimempata juzi. Siwezi kumtupa leo."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Akitubu, anabaki kwenye Meza ya Bwana na kumpoteza ndugu yake. Asipotubu, anabaki na ndugu na kuikosa Meza aliyoitumikia tangu ujana wake. Akaondoka mbele kwenye viti vya wazee, akatembea mpaka nyuma, akaketi kando ya Mwandoe.

Waliotengwa walikaa benchi lile, na wakati wa kula mkate walitoka nje. Righa alikuwa akitoka, na Mwandoe akitoka naye. Yule ambaye tulimwombea miaka mitatu aje kanisani sasa alikuja kila Jumapili bila kukosa, ili kaka yake asisimame nje peke yake. Sisi tulikula mkate wetu, tukiwaona kupitia mlangoni, wameegemea ukuta. Nilianza kuona aibu, lakini sikumwambia mtu.

Mwaka ukapita, na mwingine. Nami nikampenda kijana fundi wa reli kule Voi, akaniahidi pete. Tumbo likatangulia pete. Yeye akahamishiwa mbali, barua zikaja mbili, kisha zikakoma. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimeyaona ya wenzangu kwa muda mrefu mno. Tumbo lile, mwanangu, ndilo mama yako.

Sikupinga nilipotengwa. Jumapili ya kwanza niliingia nimechelewa makusudi, nimejifunga leso mbili. Benchi la nyuma lilikuwa limejaa nusu. Wanawake wawili waliokuwa hapo kwa makosa yao wenyewe walitanua nguo zao ili nisipate pa kukaa. Hata benchi la wakosaji lina wakubwa wake. Nikasimama pale, miguu imevimba, sijui niende mbele au nirudi nyumbani.

Mzee Righa akamgusa Mwandoe begani. Wote wawili wakasogea.

"Njoo ukae, mwanangu," akaniambia. "Hapa pana nafasi."

Nikakaa. Nililia mahubiri yote, na sikumbuki yalihusu nini. Wakati wa mkate tulitoka nje sote, wale wanawake wakajitenga upande wao, Mwandoe akaenda kuwatazama mbuzi wa watu, nikabaki na Righa ukutani. Nikamwuliza, "Baba, huna hasira nami?"

"Nilikuwa nayo. Nyingi sana."

"Ikaisha lini?"

"Jumapili ile ile, kabla sijafika nyumbani." Akatazama huku na huku kama mtoto aliyeficha muwa. "Nilipofika mferejini niliona siwezi kwenda kulala na kitu kile kifuani. Nikainama, nikajaza maji kinywani, nikayapuliza. Nikasema, hasira niliyo nayo kwa binti huyu, nenda. Azae, alee, aishi. Nikaenda zangu."

Nilishtuka. "Kwa hiyo uliyarudia yale yale waliyokutengea! Siku ile ile!"

"Eeh," akasema. "Haya, ingia ukawaambie."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza kucheka. Miaka miwili nilikuwa nimetembea kijijini, nikalala, nikaamka na afya yangu, na mtu niliyemvua heshima mbele ya watu alikuwa ameniombea heri tangu siku ya kwanza, kwa tendo lile lile nililomshtakia.

Mama yako alizaliwa salama. Miezi ilipopita nikaitwa mbele kupokelewa tena. Nikakiri langu. Mchungaji akaniuliza kama nina neno zaidi, naye alitarajia nishukuru na kukaa. Nikasema, "Ninalo. Nilimshtaki Mzee Righa kwa nilichokiona, nikaficha nilichokisikia." Nikarudia maneno yote ya ndugu wale pale mferejini, ya huyu na ya yule. Nilisema, "Niliwaletea nusu ya kweli, nanyi mkampa hukumu nzima."

Kelele zilitokea. Mmoja alisema kutasa ni kutasa tu hata ukitaja malaika. Mwingine alisema mimi sasa ndiye wa kusikilizwa, na tumbo langu la jana? Mchungaji alingoja kelele zipoe kama alivyozoea kuingoja mvua. Mwishowe akasema, "Tulimwuliza mzee huyu alichonywa. Ilitupasa kumwuliza kama amepatana na ndugu yake."

Mwezi uliofuata Righa alirudi Mezani. Nyumba mbili zilikasirika zikahama kanisa, na moja haikurudi kamwe, sikufichi. Mapatano ya watu hayatoki bila makovu. Mwandoe hakusogea mbele. Tulimwambia aje, sasa kaka yake yuko huku. Akasema, "Nitabaki hapa. Lazima awepo mtu wa kumsogezea nafasi atakayekuja." Alikaa pale mpaka alipozeeka, na waliosogezewa nafasi walikuwa wengi.

Lile la pili, la maji aliyopuliza kwa ajili yangu, sikuwahi kulisema. Leo ndiyo mara ya kwanza, na Righa amelala kaburini miaka mingi, hakuna wa kumtenga.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikuambii msiite kosa kosa. Righa aliiba maji, akasema niliiba, na bila neno hilo hakuna lililowezekana. Lakini mtu akikuletea shtaka, mwulize aliona nini, kisha mwulize alisikia nini, na kama hataki kujibu la pili, shtaka hilo liweke kando mpaka ajibu. Mkikosana ninyi kwa ninyi barazani, msipigiane kura mkiwa na hasira. Nendeni mkalime, mrudi siku nyingine. Kuteleza si kuanguka, na aliyeanguka hainuliwi kwa kuhesabiwa michubuko. Na kabla hujainua mkono kumtenga kijana huyo, nenda ukakae benchi la nyuma Jumapili moja, uone kanisa linavyoonekana kutoka pale.

Mungu akupe ulimi mzito na masikio mepesi. Zamu yako ikifika ukute maji kwenye mfereji. Na siku utakapolikalia benchi lile, maana utalikalia, akuwekee pale mtu atakayesogea.