Pale Penye Mtandao

Kwetu Machame mtandao wa kuaminika unapatikana sehemu moja tu, nayo ni kaburini kwa babu. Ndani ya nyumba simu inautafuta mpaka betri inakwisha. Zizini ujumbe unaingia lakini picha hazifunguki. Pale kaburini, kwa kuwa migomba ilikatwa kupisha mazishi na eneo likabaki wazi kutazama bondeni upande wa mjini, mtandao unashuka kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi. Babu mwenyewe hakuwahi kumiliki simu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Dar baada ya kampuni niliyokuwa naiandikia programu kufunga ofisi. Nilituma maombi ya kazi huku na huku, kimya. Jamaa mmoja niliyefanya naye kazi akanipigia na kuniambia tatizo langu ni kwamba sijulikani. "Jibrandi, mwanangu," akasema. "Siku hizi injinia asiye na jina ni hewa." Nikamwambia jina ninalo. Akacheka sana.

Jina ninalo kweli, ila si langu peke yangu. Mtoto wa kwanza wa kiume kwetu hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo jina lililochongwa kwenye msalaba wa kaburi lile ndilo lililoko kwenye kitambulisho changu, herufi kwa herufi. Nilipoanza kurekodi video nilihakikisha msalaba hauonekani kwenye picha. Mtu anayetafuta injinia hapaswi kuliona jina la injinia huyo limeandikiwa siku ya kufariki.

Basi nikawa nakaa kwenye ukingo wa kaburi, juu ya marumaru nyeupe, migomba pembeni na mlima nyuma yangu kama mawingu yameuachia. Kwa Kiingereza changu cha ofisini nikaeleza jinsi ya kuandika programu isiyochoka, jinsi ya kutafuta kosa bila kumlaumu mwenzako, na mengine ya namna hiyo. Mzungu mmoja aliandika kwamba amelipenda sana benchi langu jeupe, akauliza nimelinunua wapi. Sikumjibu. Ningemjibu nini?

Niseme ukweli, kujibrandi kunachosha kuliko kazi yenyewe. Kutengeneza kitu ni asubuhi moja, kutangaza kwamba umekitengeneza ni wiki nzima, na usipotangaza eti hukukitengeneza. Kwetu mtu akianza kujisifu watu huuliza amekunywa pombe ya mbege kwa nani. Mimi nilikuwa najisifu kila asubuhi, tena mkavu kabisa.

Watazamaji wangu walikuja na kuondoka, isipokuwa mmoja. Akaunti yenye picha ya ua waridi, isiyo na jina la kueleweka, ilifika kabla ya wote na kuacha neno lile lile: Amina. Nimeeleza kwa nini programu inazimika ikizidiwa na watu: Amina. Nimeeleza namna ya kupanga data isijirudie: Amina. Nikadhani ni roboti ya mtandaoni iliyookoka.

Hapa lazima nimlete shangazi yangu, dada pekee wa baba. Babu alipofariki, ukoo ulikaa kugawana kihamba, yaani shamba la nyumbani, na shangazi akasema babu alimwahidi kipande cha mikahawa kilicho chini ya mfereji. Baba alimjibu mbele ya watu wote kwamba shamba la mtoto wa kike liko alikoolewa. Shangazi alikuwa ameshaachika. Kila mtu pale alijua hilo, na baba alilijua kuliko wote. Shangazi alichukua mkoba wake akasema, "Haya, kaeni nalo. Na kaburi la baba yangu mkae nalo." Akaenda Tarakea, upande wa pili wa mlima, akafungua duka la maharage. Tangu hapo hakukanyaga kwetu tena. Mchagga asiporudi nyumbani Krismasi, watu huuliza kama ni mzima. Yeye tuliacha hata kumuuliza, na baba akitajiwa dada yake hugeuka kutafuta panga ambalo halijapotea.

Video zangu zilikatizwa na kanisa. Baada ya ibada mzee mmoja alimwonyesha baba simu yake, akimpongeza kwa kijana anavyomwaga kizungu. Baba aliporudi hakuvua hata koti.

"Umemkalia babu yako?"

"Baba, pale ndipo penye mtandao."

"Nimekuuliza umemkalia au hujamkalia?"

"Nimekaa ukingoni."

"Weee! Mtu mzima na akili zako! Sitaki kukuona pale tena."

Nikahamia Moshi mjini, kwenye chumba cha jamaa mmoja, nikawa narekodi mbele ya ukuta mweupe. Yule jamaa wa Dar alifurahi, akasema sasa naonekana wa kimataifa. Watazamaji wakaongezeka kidogo. Ua waridi likatoweka, na sikulijali.

Siku moja nikapigiwa na namba nisiyoijua.

"Baba, mbona umehama?"

Niliitambua sauti kabla hajajitaja. Kwa kuwa nina jina la baba yake, shangazi aliniita baba tangu nikiwa mchanga, na hakuna mwingine anayeniita hivyo kwa sauti ile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba upesi upesi kama mtu mwenye wateja mlangoni.

"Kizungu chako sisikii hata neno moja," akasema. "Mimi natazama hapo unapokaa. Marumaru ya kona imepasuka, mmeiona? Na yale majani pembeni, hakuna mtu wa kuyang'oa hapo nyumbani? Kabla sijafungua duka nakuangalia kwanza. Namsalimia baba, namwekea Amina, ndiyo naanza kuuza. Sasa umeniwekea ukuta."

Nikamwomba aje ajionee mwenyewe, gari kutoka Tarakea si shida. Akasema, "Nilifukuzwa mbele ya watu, baba. Sitarudi kwa kunyemelea." Akakata. Nilishikwa na uchungu ambao sikuutegemea, nikakaa pale mbele ya ukuta wangu wa kimataifa nikijiona mpumbavu.

Jioni nikapanda nyumbani. Baba alikuwa anakamua. Nikamwambia yote, kuanzia ua waridi mpaka ukuta. Hakugeuka, akaendelea kukamua.

"Anatazama?"

"Kila siku."

"Amesema kona imepasuka?"

"Ndiyo."

"Ni kweli imepasuka," akasema, akanyanyua ndoo akaondoka nayo.

Kulipokucha nilimwona akichanganya saruji, akiziba kona ile, aking'oa majani na kusugua marumaru kwa brashi ya kufulia. Alipomaliza akaniita. "Kesho rudi pale pale. Na simu uisogeze nyuma, msalaba uonekane, asije akadhani ni kwingine."

Asubuhi nikakuta jani la isale juu ya marumaru, limefungwa fundo na kuwekewa kijiwe lisipeperuke. Isale ndilo jani tunalopanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu unampelekea jani hilo kumwomba radhi, na anayeletewa haruhusiwi kulikataa. Baba alikuwa amelichuma kwenye mpaka wa ile mikahawa iliyo chini ya mfereji, shina lilikuwa bado linatoa maji. Desturi inataka ulipeleke mwenyewe au umtume mtu mzima. Sijui kama inaruhusu video.

Nikakaa pembeni nisilizibe, nikaeleza jinsi ya kufanya ukurasa ufunguke haraka. Jina langu lilikuwa nyuma yangu pamoja na siku ya kufa. Mtazamaji mmoja aliuliza lile ni jani gani. Ua waridi halikusema kitu.

Baba, ambaye hakuwahi kujali mambo ya mtandao, sasa alinifuata mpaka shambani. "Imetazamwa?" Nikimtajia idadi anakasirika. "Sikuulizi wangapi, bwana. Nakuuliza yeye." Nilikuwa sijui, na nikimpigia shangazi hapokei. Niliwahi kumkuta amesimama mbele ya kaburi akilinyoosha lile jani, ambalo lilikuwa limeanza kukauka, na aliponiona akajifanya anafukuza kuku. Nilimhurumia sana, na nilimkasirikia pia, maana haya yote angeyamaliza kwa sentensi moja miaka ile.

Wakati huo kampuni moja ya Ulaya iliyokuwa inanifikiria ilitaka nizungumze moja kwa moja na wahandisi wake. Niseme mapema kwamba kazi ile walimpa mwingine, na siwalaumu. Niliyonayo leo niliipata kwa njia ya zamani kabisa, mtu aliyenijua alinitaja kwa mtu anayemjua. Lakini siku ile nilivaa shati la mikono mirefu, nikakaa pale penye mtandao, nikajitambulisha jina na ujuzi wangu, na mambo yakaanza kwenda vizuri kweli.

Nilikuwa katikati ya maelezo niliposikia gari la kukodi likizima barabarani. Mbwa alibweka kisha akanyamaza. Shangazi akatokea kwenye kijia cha migomba, mnene kuliko nilivyomkumbuka, kilemba kichwani na mfuko wa maharage mkononi. Alimpita baba mlangoni bila kumsalimia. Baba alibaki pale pale na ndoo yake mkononi. Shangazi akaja mpaka pale nilipo, akaweka mfuko chini, akaokota lile jani kavu akalipangusa vumbi kwa kanga. Halafu akageuka nyuma na kumwita baba kwa jina lake la utotoni, jina ambalo sikuwa najua kama analo. Baba akaweka ndoo chini.

Wale watu wa Ulaya walikuwa wananisubiri nimalize sentensi.

"Zima hiyo simu, baba," shangazi akaniambia. "Leo nimekuja mwenyewe."

Nikazima, nikasimama, nikampisha akae.