Mama Mkwe na Aiskrimu Isiyoyeyuka

Mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi Makole, maduka ya Dodoma yalikuwa yameanza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa watu waliosafiri: sabuni za kunukia, biskuti za kwenye makopo ya bati na, katika duka moja karibu na soko, friza lenye aiskrimu ya vanila kutoka ng'ambo. Nilikuwa mkwe mpya, natafuta sifa. Nikanunua kopo zima nikakimbia nalo nyumbani.

Sikujua kwamba ujanani mama huyu aliwapikia mapadri wa misheni, na aiskrimu alikuwa akiitengeneza kwa mikono yake.

Alichota kijiko, akakiinua. Aiskrimu ikavutika kama kamba.

"Baba," akaniambia kwa upole, maana mkwe haambiwi neno kali, "umeniletea mlenda wa baridi?"

Mke wangu akakimbilia jikoni kucheka.

Mama akaweka donge kwenye kisosi, akakianika juu ya ukuta wa uani, jua la saa saba likiwaka. Akaenda kujinyoosha. Alipoamka, donge lilikuwa limesimama palepale, limetoka jasho kidogo tu. Kuku wa jirani akaruka ukutani, akadonoa mara moja, kisha akahangaika kufuta mdomo kwenye tofali mpaka tukamwonea huruma.

Kesho yake akataka twende wote dukani. Mwenye duka akatusomea maandishi ya kwenye kopo: maziwa, sukari, gundi ya mbegu...

"Gundi?" mama akamkatiza. "Ya kubandikia bahasha?"

"Siyo hiyo, mama. Hii inashikilia ule ulaini."

"Ulaini umefanya kosa gani hata ushikiliwe?"

Mwenye duka akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia friza.

Tukajaribu hoteli moja upande wa stesheni. Ya kwao haikuwa na gundi, ila na maziwa pia haikuwa nayo. Tulitafuna barafu ya njano, tukashukuru, tukaondoka.

"Nitaitengeneza mwenyewe," mama akasema njiani. "Wewe tafuta barafu na chumvi ya mawe."

Maziwa yalitoka Hombolo kwa binamu yake mwenye ng'ombe. Mabonge ya barafu niliyapata kwenye baa moja ya Kizota, nikayafunga kwenye gunia nyuma ya baiskeli. Jua likayafanyia kazi njia nzima. Nilifika Makole suruali imelowa nyuma yote, na watu wawili watatu walikwisha kunipa pole.

Mama akapika maziwa na viini vya mayai, akatia sukari na vanila, akapoza, akamimina kwenye kopo lenye mfuniko. Kopo likaingia kwenye ndoo ya barafu na chumvi. Kazi ikabaki kulizungusha. Lakini ukizungusha kopo, ndoo nayo inazunguka, na mke wangu alikuwa mjamzito, hawezi kuinama. Basi mimi na mama mkwe, ambao kwa heshima hatukupaswa hata kukaa mkeka mmoja, tukajikuta kwenye vigoda, uso kwa uso, yeye ameibana ndoo kwa magoti na mimi nazungusha huku nimetazama mawingu.

"Zungusha, baba! Unalibembeleza lilale?"

Nikakaza. Ndoo ikachomoka, maji ya chumvi yakatumwagikia wote wawili, na mpishi wa mapadri akatoa neno ambalo hakika hakulipata misheni.

Bahati nzuri mfuniko ulishika. Tukajaza barafu iliyobaki tukaendelea mpaka mikono ikafa ganzi. Alipofungua, ilikuwa laini, ya njano hafifu, na pembeni imeshaanza kulainika. Mama akaonja, akafumba macho.

"Ndiyo hii," akasema. Halafu akafumbua macho kwa hofu. "Inayeyuka! Iteni majirani!"

Wakaja na vikombe, na mabakuli, na mmoja na kifuniko cha chupa ya chai. Wote wakasifu. Mzee wa nyumba ya pili alikula kijiko kimoja, akashika shavu.

"Tamu sana, mama. Ila meno yangu haya... Ungenipashia moto kidogo?"

Mama akachukua bakuli la mzee, akaenda nalo jikoni kwenye mkaa, akarudi na kikombe kinachofuka moshi. Mzee akanywa yote, akafuta masharubu, akauliza kama kuna nyingine.