Kikombe cha Kahawa Alichokikataa Sixten

"Tumbo langu halijawahi kukataa kitu tangu nibatizwe," Sixten Hägglöf alisema Agosti iliyopita, tena kwenye kipaza sauti, ukumbi wa kijiji umejaa watu waliokuja kufungua makopo ya kwanza ya heringi wa kuchacha, samaki wenye harufu ya kufukuza watu. "Likikataa, mnizike ndani ya pipa."

Watu wakapiga makofi. Hata mchungaji alipiga, mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umeziba pua.

Sasa ni Julai, na Sixten amekaa chooni kwake, viwiko magotini, akilisikiliza tumbo hilo hilo likinguruma kama trekta lililokataa kuwaka. Halitoi kitu, haliingizi kitu. Limevimba tu, limekaa juu ya mapaja yake kama paka wa jirani ambaye hakualikwa.

Chanzo ni posta. Katika nchi yao ukishafika sitini, serikali inakukumbuka kwa kifurushi: kijiti, kichupa, na maelekezo ya heshima kabisa ya namna ya kuchota choo chako na kukirudisha kwenye bahasha kikapimwe. Sixten alichota kama anavyolipa kodi, bila kuuliza. Wakaona damu kidogo, wakamwita hospitali mjini. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita kwa lita, na mpaka kunakucha alikuwa ametoa vitu ambavyo aliapa alivila enzi za jeshi. Kesho yake daktari wa zamu ya kiangazi, kijana wa kuazimwa kwa sababu wenye kazi wote walikuwa likizo, akampitishia mpira wenye kamera, akapuliza hewa ndani ili aone vizuri, akakagua kona zote.

"Safi kabisa," daktari alisema. "Damu ni ya bawasiri tu. Huu utumbo ni bomba jipya, Sixten. Nenda nyumbani, kula kidogo kidogo, na hewa ikitaka kutoka iachie itoke. Usipokaa sawa baada ya siku mbili tatu, tupigie."

Siku mbili tatu zimepita, na nyingine zimepanga foleni nyuma yake. Hewa haijatoka yote, na hamu ya kula imeenda likizo pamoja na madaktari.

Kuhusu hewa, lazima isemwe kwamba Sixten ni mtu wa adabu. Tangu amuoe Gunborg hajawahi kujamba mbele yake hata kwa bahati mbaya. Shida hiyo huipeleka kwenye banda la kuni, akajifanya anatafuta shoka. Lakini Julai kila jirani yuko nje anapaka ukuta rangi, na mtu hawezi kutafuta shoka mara kumi kwa siku bila watu kuanza kumhesabia. Kwa hiyo alibana. Alibana mezani, alibana garini, alibana kitandani mpaka miguu ikakakamaa.

Kuhusu chakula, Gunborg alijaribu kila njia. Alipika viazi vipya na majani ya shibiti, vile vidogo ambavyo Sixten huvila na maganda yake kama pipi. Sixten alikitazama kimoja kwa muda mrefu, akakigeuza kwa uma, akakirudisha ubavuni kwa wenzake.

"Ulikula kazini?" Gunborg aliuliza.

"Nilikula."

"Ulikula nini?"

"Kitu. Cha Barbro."

Na kazini, Barbro mwajiri wake akimsogezea mkate, Sixten alisema amekula nyumbani. Katikati ya uongo huo wa pande mbili hakuna alichoingiza ila kahawa. Kahawa ilikuwa haina mjadala. Kahawa ya saa tatu, ya saa nane, ya mama wa posta, ya jirani mwenye rangi. Kwao mtu anaweza kukataa kuolewa, kukataa kanisa, kukataa hata urithi, watu wakamwelewa. Akikataa kahawa, wanauliza amefiwa na nani.

"Wapigie wale wauguzi wa ushauri wa simu," Gunborg alimwambia jana, akikunja nguo. "Namba si ipo kwenye jokofu."

"Niwaambie nini? Kwamba nimepimwa nikaonekana mzima?"

"Waambie unakonda."

"Kuna watu wanaumwa kweli, Gunborg. Wauguzi wenyewe nusu wako likizo. Nikawashikie simu kwa ajili ya ushuzi?"

Gunborg akaendelea kukunja nguo, kwa sababu hata yeye angesema hivyo hivyo. Ni ugonjwa wa nchi nzima, huo wa kutotaka kusumbua. Nyumba ya mtu ikiungua, anapiga simu zimamoto na kuanza kwa kuomba radhi, kisha anauliza kama wako kwenye mapumziko ya kahawa.

Lakini leo hakukuwa na nafasi ya kuahirisha. Leo ni siku ya kuonja.

Kiwanda cha kuchachusha heringi, kama banda la mbao lililoinamia maji linaweza kuitwa kiwanda, ni cha Barbro, binamu yake Sixten, mwanamke mwenye mabega ya mbeba magogo na gumboti za njano asizovua hata harusini. Samaki huingia kwenye mapipa ya maji ya chumvi mwishoni mwa Mei. Julai inabidi mtu aseme lini watiwe kwenye makopo. Wakitiwa mapema, makopo huvimba kupita kiasi na kupasuka kwenye rafu za maduka, na mwenye duka hasamehi. Wakichelewa, unafungua kopo unakuta uji. Mtu wa kusema ni Sixten. Anatoa heringi mmoja pipani, anamla mzima bila kiazi wala kitunguu, anammeza, kisha anakaa kimya akisikiliza. Ulimi hauhusiki sana, huwa anasema. Tumbo ndilo linalojua. Likipata joto la taratibu, kama mtu aliyewasha taa chumba cha ndani, basi samaki wako tayari.

Wafungaji wa makopo walikuwa wanakuja kesho asubuhi. Na Barbro tangu Krismasi amekuwa akitaja taja kile kijiti cha umeme cha kuchovya pipani kikakuonyesha uchachu kwa namba. Hakukitaja kwa ubaya. Alikitaja kama mtu anavyotaja nyumba ya kutunzia wazee: kuna bustani nzuri, kuna televisheni. Sixten alijua vizuri kwamba siku akishindwa kuonja, kinachobaki kwake pale ni kuosha mapipa.

Barbro akafungua kifuniko. Harufu ikatoka na kusimama katikati yao kama mtu wa tatu.

"Karibu mezani, mkuu," Barbro akasema. "Tumbo lisilokataa liko wapi?"

"Lipo."

"Mbona umebana suruali kwa kamba? Mkanda umeuza?"

"Nimepungua kidogo. Joto."

Sixten akamchukua samaki mkiani, akampeleka mdomoni. Mwaka jana angesikia njaa kabla hajamgusa. Leo hamu haikuja. Akatafuna mara mbili, akageukia dirishani kana kwamba anaangalia hali ya hewa, akatema kwenye leso, akaitia mfukoni. Kisha akafumba macho na kukaa kimya muda ule ule anaokaa kila mwaka. Ndani hakukuwa na taa wala chumba. Kulikuwa na hewa tu, na uchovu uliomfanya atamani kulala palepale juu ya magunia ya chumvi.

"Wako tayari," akasema.

"Tayari?"

"Tayari."

"Haya." Barbro akafunga kifuniko, akaifuta mikono kwenye aproni. Alionekana kuridhika, na kuridhika kwake ndiko kulikomuuma Sixten kuliko tumbo. "Nitawapigia waje kesho. Kaa, tunywe kahawa."

Akamimina. Kahawa nyeusi ile iliyokaa jikoni tangu alfajiri, inayoweza kusimamisha kijiko. Mvuke wake ukampanda Sixten puani, na tumbo likakataa hata hiyo. Akaweka kiganja juu ya kikombe.

"Hapana," akasema. "Sitaki."

Barbro akabaki na birika hewani. Nje ndege wa baharini walikuwa wanapigana juu ya vichwa vya samaki.

"Hutaki nini?"

"Kahawa."

"Ya sasa hivi, au kahawa kwa ujumla?"

"Barbro, nimechoka."

Barbro akaweka birika chini. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, gumboti zikalia. Wamekua pamoja, hao wawili. Alimwona Sixten akivunjika mkono, akimzika mama yake, akipoteza mashua, na kote huko Sixten alikunywa kahawa.

"Toa hiyo leso inayolowesha mfuko wako," akasema.

Sixten akaitoa. Barbro akaifunua kidogo, akaifunika.

"Sasa hilo 'tayari' limetoka wapi?"

"Sijui. Nilidhani. Mwaka jana walikuwa tayari wiki kama hii."

"Ulidhani. Makopo yote hayo, Sixten, kwa kudhani." Hakupaza sauti. Alichukua simu yake mezani. "Namba ya wauguzi wa simu ni ipi?"

"Usiwasumbue."

"Mimi ndiye ninayewasumbua. Wewe umekaa tu."

Sixten akaitaja namba, wakasubiri kwenye foleni ya simu wakisikiliza muziki wa kinanda, Barbro akipigapiga meza kidole, Sixten akitazama sakafu. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, asiyeharakisha. Barbro akaiweka simu kwenye spika, akamsukumia Sixten.

"Samahani kwa usumbufu," Sixten akaanza.

"Nimeajiriwa kusumbuliwa. Sema."

Akasema. Muuguzi akauliza kama ana homa. Hana. Damu? Hakuna tena. Maumivu makali, tumbo gumu kama ubao, kutapika? Hapana, hapana, ni kujaa tu na kutotaka kula.

"Umekula nini tangu siku ile?"

"Kahawa."

"Na nini?"

Sixten akamtazama Barbro. Barbro akatazama dari.

"Kahawa."

"Juu ya tumbo lililooshwa likabaki tupu. Sawa," muuguzi akasema. "Na hewa je, inatoka? Unajamba?"

"Kidogo."

"Kwa nini kidogo?"

"Nipo na watu. Kazini."

"Unafanya kazi wapi?"

"Kwenye heringi wa kuchacha."

"Na huko," muuguzi akasema taratibu, "unaogopa watasikia harufu?"

Barbro alitoka nje. Kicheko chake kilisikika mpaka kwenye gati, na Sixten aliyekuwa amekaa peke yake na simu alijisikia masikio yakimuwaka. Muuguzi akamalizia: aache kahawa kwa sasa. Aanze na supu ya beri za buluu, ile nzito tamu ya matunda inayouzwa kwa pakiti, vijiko vichache kila baada ya muda, kisha uji wa shayiri, kisha kiazi. Atembee. Ajambe popote Mungu alipompa nafasi. Homa ikija, damu ikirudi au maumivu yakikaza, asipige simu kuomba radhi, aende hospitali moja kwa moja. Na wiki ikiisha bila nafuu, apige tena.

Barbro aliporudi alikuwa amefuta macho. Akachota heringi pipani kwa mkono wake, akang'ata, akatafuna kwa kukunja uso kama mtoto anayeadhibiwa.

"Mimi nasikia chumvi tu," akasema. "Nitawaambia wafungaji waje wiki ijayo. Watanuna, wanune."

"Chukua kile kijiti, Barbro. Kitakuambia leo leo."

"Nitakichukua. Kitanipa namba. Halafu namba hiyo nimuulize nani maana yake?" Akamwaga kahawa ya kikombe cha Sixten baharini. "Nenda nyumbani. Ukirudi umemeza, utasema. Ukirudi hujameza, utasema pia."

Njiani Sixten alisimamisha gari dukani. Alinunua pakiti ya supu, akarudi kukaa nyuma ya usukani, akapandisha vioo vyote, akaachia. Ilichukua muda. Mama mmoja mwenye kitoroli alipita akampungia mkono, naye akapunga. Tumbo likashuka kidogo, kama mgeni aliyekubali kuketi pembeni.

Nyumbani Gunborg alipasha supu, akammiminia kwenye kikombe cha kahawa, kile kile cha kila siku. Sixten akanywa funda moja, akangoja. Tumbo halikusema ndiyo, halikusema hapana. Akanywa la pili. La tatu aliliacha kwa ajili ya baadaye, akaweka kichwa juu ya mikono mezani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kamera akasinzia akiwa amekaa.

Gunborg akaisogeza pakiti isimwagike. Bei ilikuwa bado imebandikwa ubavuni. Lita moja, kroni ishirini na sita na nusu.