Chupa ya Chai Juu ya Mke wa Mtu

Hii aibu sijawahi kuisimulia hata kanisani wakati wa ushuhuda, lakini leo wacha niitoe, maana imenikaa kooni tangu mwezi wa sita.

Mama alikuwa amefika Toronto kutoka kwetu Wundanyi wiki tatu kabla ya aibu hiyo. Siku zote hizo tulizungumza juu ya lifti, baridi na majirani zetu pale Flemingdon Park, lakini si juu ya Baba, aliyezikwa Januari bila mimi kuwepo. Nilikuwa nimewaambia nyumbani kwamba karatasi zangu za ukaazi hazijatoka, nikitoka Kanada sitarudi. Uongo mtupu. Zilikuwa kwenye droo. Kazi ndiyo ilikuwa mpya, nikaogopa kuomba ruhusa.

Basi Jumamosi moja jua likatoka kisawasawa, nikapika pilau, nikajaza chai ya tangawizi kwenye chupa, nikamwambia Mama twende mashambani, tukaendesha kaskazini mpaka maghorofa yakaisha, na mimi kwa kujifanya mwenyeji (miaka sita tu, na siku hiyo nilikuwa nimeshapotea mara mbili) nikaona lango wazi, nyasi zimekatwa vizuri, miti, kidimbwi chenye mabata, nikaingia bila kusoma kibao. Kwetu kaburi lina msalaba, au limejengewa saruji, unaliona toka barabarani. Hapo ilikuwa nyasi tu. Mama akatandika leso, akavua viatu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Mimi nikaona kijiwe bapa kimelala sawa na nyasi, nikasema hee, hata meza wametuwekea, nikaweka chupa ya chai juu yake na sufuria kando.

Kisha akaja mzee wa Kizungu na maua mkononi. Akasimama, akasema taratibu kwa Kiingereza, "Samahani, huyo ni mke wangu."

Nikatazama chini nikaona herufi. Jamani! Nikaruka, nikaipiga teke sufuria, pilau ikamwagika juu ya jina la marehemu, nikaanza kuokota wali kwa vidole huku nikiomba msamaha kama niliyepagawa, na kadiri nilivyookota ndivyo ulivyozidi kuingia kwenye herufi.

Mama hajui Kiingereza, ila maua aliyaelewa. Akanisogeza, akapiga magoti, akapangusa jiwe kwa leso yake mpaka likatakata, kisha akaushika mkono wa yule mzee kwa mikono yake miwili. "Pole, mzee wangu. Pole sana." Mzee akaanza kulia.

"Mwambie na mimi nimezika mwaka huu," Mama akasema. Nikamwambia.

"Mwambie mwanangu huyu alitaka sana kuja kumzika baba yake, ila karatasi zilimzuia."

Wote wawili wananitazama.

"Mama, karatasi zilikuwepo. Niliogopa kufukuzwa kazi."

Mama akamgeukia yule mzee. Akamsaidia kupanga maua, akakunja leso, tukaondoka. Nimeapa sitakaa tena kwenye nyasi za watu kabla ya kusoma kibao, lakini kusema kweli, aibu ya pilau ilinitoka hata kabla hatujafika barabara kuu. Ile nyingine ndiyo niliyorudi nayo.

Tulipokaribia nyumbani Mama akauliza, "Jumatatu unaingia kazini?"

"Ndiyo, Mama."

"Omba ruhusa. Utanirudisha Wundanyi wewe mwenyewe, ukamwambie baba yako hivyo ulivyoniambia mimi."