Pombe ya Kalitusi Ukweni Bwera

Ningependa kusema walioshuhudia walikuwa wachache, lakini Bwera nzima inajua, kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu mwenyewe: nilifedheheka ukweni mbele ya mashangazi, mashemeji na katekista.

Mimi ni seremala wa milango na vitanda pale Hima (marehemu baba alitoka Kenya kufuata kazi ya saruji, mimi nikashika randa). Nilipopeleka posa ya Biira, baba yake hakutaka makuu. "Mutumbwi yangu ya pombe imeoza," alisema. "Wewe si fundi? Nichongee ingine, ya mringaringa, tukamulie ndizi ya sherehe humo humo." Mtumbwi huo si wa kuvulia samaki kule Katunguru, ni gogo lililochimbwa tumbo, na wazee wanataka mringaringa kwa sababu hautii pombe harufu wala haupasuki ovyo.

Sasa, mringaringa mnene kuupata ni kuzunguka milima, na nyuma ya karakana yangu jirani alikuwa ameangusha kalitusi, gogo limelala pale, linaniangalia. Nikajiambia mti ni mti. Nikachonga, nje nikapaka rangi ya viatu ya kahawia lipate sura ya uzee, nikapakia kwenye lori, na baba mkwe alipolipapasa akauliza, "Ni mringaringa kweli?" nikajibu, "Wa zamani, baba." (Wa zamani! Mwezi uliopita ulikuwa na majani.)

Wakakamua, wakatia mtama, wakafunika. Siku ya sherehe mashangazi wanne, wamevaa gomesi nyeupe, wakaubeba mtumbwi wakautua uwanjani juani, na walipogeuka kila mmoja alikuwa na mstari wa kahawia tumboni. Nikatazama mawingu. Baba mkwe akachota kwa kibuyu, akaonja, akafumba macho.

"Mukwe," akasema taratibu, "hii ni pombe ama dawa ya kifua?"

Mama mmoja mchuuzi, mzaliwa wa Butembo, naye akaonja, akavuta pumzi ndefu. "Mafua yangu ya tangu Mpondwe imeisha. Muniongezee!"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao kama mjinga, nikaanza kueleza kwamba mringaringa wa upande wa Hima una harufu yake ya pekee, na katikati ya uongo huo mtumbwi ukalia paa! Ukapasuka kutoka kichwa hadi mkia, pombe ikafurika mpaka kwenye mkeka wa wazee, na katekista akasimama viatu vimejaa.

Baba mkwe hakunifokea, na hilo ndilo lililoniua. Alitazama ufa, akasema, "Kalitusi. Enda, kijana. Ukipata mringaringa, rudi." Biira alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, nilidhani analia, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nilizunguka milima msimu mzima wa mvua. Niliporudi na mtumbwi wa kweli, mzee aliuinamia akaunusa, akanusa na mikono yangu, ndipo akanisalimia. Tulioana. Na siku hizi mteja akiuliza mlango huu ni wa mti gani, namtajia jina lake la kweli, hata akiondoka. Wengi huondoka.